Harusi ya Nakijwa na Utafiti Wake

Kwanza tuelewane. Nchi ninayoisimulia hapa siyo hiyo unayoifikiria. Hiyo unayoifikiria ina matatizo, yetu haina. Mimi ni karani wa masjala katika Wizara ya Elimu ya Juu Kabisa, mwaka wa ishirini na sita sasa, na faili la Matatizo limekaa miaka yote hiyo kabati la tatu kutoka mlangoni, tupu kabisa. Nimekuwa nikilipangusa vumbi kila Ijumaa. Kwa hiyo mtu akisoma habari hizi akaanza kununa, "Ah, huyu anatusema sisi," basi hayo ni yake na dhamiri yake, mimi simo.

Ninachotaka kueleza ni jinsi nchi yetu ilivyomaliza tatizo la kulipia masomo ya udaktari wa falsafa, tatizo ambalo, kama nilivyokwisha sema, halikuwepo.

Lilianza kwa binti wa jirani yangu, Nakijwa Mbonea. Mwembamba, mwendo wa haraka, hana muda wa kusimama kusalimiana vizuri. Alikuwa anasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa, na alikuwa anachunguza kuvu. Ndiyo, kuvu, ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Siku moja nilimwuliza kwa nini binti mzuri kama yeye aache mambo ya maana, kama vile hotuba za viongozi, akachunguze uozo.

"Baba Tumsifu," akaniambia, "unakumbuka ile njaa ya mwaka juzi kule kwetu Ndorwe? Serikali ilituletea mahindi ya msaada kutoka Ghala Namba Nne. Mama yangu mdogo akasonga ugali, akala na wanawe wawili. Walitapika wote, macho yakawa manjano, na wiki haikuisha tukawazika watatu. Serikali ikatoa taarifa kwamba walikufa kwa kula haraka. Mimi nataka kujua kilichowaua."

Nilimpa pole. Ile taarifa naikumbuka vizuri, niliipiga chapa mimi mwenyewe.

Sasa, yale mahindi ya Ndorwe yalikuwa yamekwisha kufukiwa. Yaliyobaki yalikuwa ndani ya chupa arobaini alizozijaza Nakijwa kwa mkono wake, akaziandika namba, akazihifadhi kwenye friji la idara yake chuoni. Lakini chuo chetu kina utaratibu. Mwanafunzi asiye na mfadhili hana haki ya soketi. Akaandikiwa barua: ikifika tarehe thelathini Juni bila mfadhili, friji litachomolewa, na chupa zitaoshwa zitumike kwa juisi ya wageni wa Makamu Mkuu wa Chuo.

"Zikioshwa, ndiyo basi," akasema. "Hakuna atakayejua tena."

Wakati huo ulikuwa mwezi wa kwanza. Akaanza kutafuta.

* * *

Alianza kwetu, kwenye Mfuko wa Taifa wa Kufadhili Wasomi. Nilimpa fomu mimi, kurasa thelathini na moja, akaijaza yote kwa mwandiko wa kupendeza, akakwama kwenye sharti la nne.

"Hapa panasema niambatishe cheti changu cha udaktari."

"Ndiyo."

"Lakini naomba hela ili nikausomee huo udaktari, Baba Tumsifu!"

Nilimweleza taratibu, maana vijana wa siku hizi ni wagumu kuelewa. Mfuko ule ni fedha ya wananchi. Hauwezi kucheza bahati nasibu na watu ambao haijulikani kama watafaulu. Unafadhili waliokwisha faulu, na hao hawajawahi kuuangusha hata mara moja. Waziri wetu, Mheshimiwa Lubinza, amefadhiliwa na Mfuko huo huo mara nne, ana shahada nne za udaktari, na ya tano iko njiani. Kiwango cha kufaulu ni asilimia mia moja. Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo?

Akarudisha fomu, akaenda kwa Profesa Rugalabamu, mkuu wa idara yake, kuomba nafasi ya usaidizi. Utaratibu wa usaidizi ni mzuri sana: mwanafunzi anamsaidia profesa kufundisha, na chuo kinamlipia masomo. Profesa alikuwa tayari na wasaidizi kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa anafundisha, wa pili anasahihisha mitihani, wa tatu anaandika makala, na wa nne kazi yake ni kuhakikisha jina la Profesa limetangulia kwenye makala ya wa tatu. Nakijwa akawa wa kumi na mbili, akapangiwa kumwakilisha Profesa misibani.

Katika miezi mitatu alihudhuria misiba ishirini na tisa ya watu asiowajua. Alitoa rambirambi, alisoma wasifu, alishika kona ya jeneza. Nasikia alikuwa analia vizuri hata familia zikaanza kumwomba kwa jina. Mwisho wa mwezi wa tatu akaenda kuulizia malipo.

"Binti," Profesa akamwambia, akivua miwani, "hiki unachokipata kinaitwa uzoefu. Uzoefu hauna bei. Nikikulipa nitakuwa nimekutukana."

Na kwa kuwa Profesa ni mtu mwenye adabu, hakumtukana.

Likabaki shirika la nje. Lilikuja na gari jeupe na bwana mmoja mpole sana aliyekuwa anatikisa kichwa kila Nakijwa alipofungua mdomo. Alisema anaipenda kuvu, anaipenda kupita kiasi, ila mwaka huu bodi yao huko kwao inafadhili masuala ya theluji peke yake. Je, kuvu yake haiwezi kuhusishwa na theluji kidogo?

Nchi yetu haijawahi kuona theluji, hata kwenye vilele. Lakini mtu akishabanwa! Nakijwa alikaa siku tatu akaandika andiko lenye kichwa Athari za Kutokuwepo kwa Theluji kwa Kuvu ya Mahindi. Shirika likafurahi mno. Akavuka raundi ya kwanza, akavuka ya pili. Raundi ya mwisho wakamwomba vitu viwili tu: kopo moja la theluji kutoka eneo la utafiti, na barua ya ridhaa kutoka kwa wanakijiji wanaoishi kwenye theluji hiyo.

Alicheka, jamani. Alicheka mpaka akakaa chini barazani kwangu, halafu nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine, nikaingia ndani kumpisha alie. Wizara, kwa upande wake, ilipokea habari kwa fahari kubwa kwamba nchi imefika fainali ya theluji, ikaanzisha Kurugenzi ya Theluji. Ipo mpaka leo, na mkurugenzi wake ana gari.

* * *

Mwezi wa tano ukaingia, na binti wa Shangazi Eliwaza akawa anaolewa.

Huyu Shangazi Eliwaza ni dada wa baba yake Nakijwa, na ndiye mwenyekiti wa kamati za harusi mtaani kwetu tangu nina nywele nyeusi. Kamati sabini na moja ameziongoza, hakuna iliyopungukiwa soda. Ana daftari la ahadi. Mtu akiahidi mchango halafu akachelewa, jina lake husomwa kikaoni polepole, na majina ya wazazi wake, na kama bado hajasikia, la kanisa analosali. Nimeona mkuu wa polisi akikopa kwa dereva wake ili asisomwe.

Kamati ile ilikaa vikao vitatu tu. Michango iliyoingia ingetosha kusomesha madaktari watatu, wabaki na nauli. Nakijwa alikuwa ameketi nyuma akikunja kadi. Ilipofika agenda ya mengineyo, akasimama.

"Shikamoo Shangazi. Shikamooni wanakamati. Mimi nilikuwa naomba, kama inawezekana, baada ya hii, mnichangie na mimi nimalize masomo."

Mtu akaangusha kizibo cha soda, tukakisikia kinavyoviringika.

"Marahaba mwanangu," akasema Shangazi. "Hayo masomo yana ukumbi?"

"Hayana, Shangazi."

"Yana pilau?"

"Hayana."

"Keki? Sare? Muziki?"

"Hayana, Shangazi."

"Sasa mtu atoe hela yake, asile, asicheze, asionekane na sare yake mpya? Loh! Hebu na sisi tumheshimu mchangaji."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha. Nakijwa akaketi, akajifunika uso kwa kanga. Sasa Shangazi hapendi kilio kwenye kikao chake, kinachelewesha agenda, na isitoshe yule ni damu yake. Akamtazama huku akitafuna kalamu.

"Una muda gani na huo utafiti wako?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Unauwaza?"

"Kila saa."

"Unakukosesha usingizi?"

"Sana, Shangazi."

"Nyumbani wanaujua?"

"Baba anaujua."

"Ehee!" Shangazi akapiga meza. "Miaka miwili mnahangaishana tu, wazazi wanajua, na mpaka leo hamjarasimisha? Mnangoja nini? Wajumbe, naleta hoja Nakijwa aolewe na Utafiti."

Hoja ikaungwa mkono na vyama vyote. Mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu nina stepla ya serikali.

* * *

Kadi zilikuwa nzuri, nazisifu kwa sababu nilizisimamia. Zilikuwa na kingo za dhahabu. Ziliandikwa hivi: Familia ya Mzee Mbonea inayo furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali kufanikisha harusi ya binti yao mpendwa NAKIJWA na mchumba wake UTAFITI WA KUVU.

Hakuna aliyeshangaa. Watu waliuliza swali moja tu, lile la siku zote: kadi ni singo ya mtu mmoja, au dabo ya mtu na mkewe? Mzee mmoja peke yake alitaka kujua bwana harusi ni mtu wa wapi. Shangazi akamjibu ni msomi, katulia, hanywi, havuti. Mzee akatoa dabo.

Kadi moja nilimpelekea Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Nilipofika mlangoni kwa katibu wake muhtasi na bahasha yenye dhahabu, sauti ikatoka ndani kabla sijasema neno: "Mwambie nimesafiri!" Msimfikirie vibaya. Mheshimiwa ni mtu wa watu, na akipokea kadi moja atapokea zote. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne, bahasha yoyote ya kadi ikitokea, yeye huwa amesafiri, akiwa palepale kitini. Hajawahi kufungua hata moja.

Ila kuwa mgeni rasmi ni jambo jingine, hakuna mchango. Kwa hiyo siku ya harusi alikuja, na msafara wa magari saba.

Upande wa bwana harusi uliwakilishwa na Profesa Rugalabamu, na Profesa akawakilishwa na msaidizi wake wa tisa. Bwana harusi mwenyewe alikuwa chupa namba kumi na saba, yenye kuvu ya kijani iliyonona kuliko zote, imefungwa tai nyekundu shingoni, imeketishwa kwenye kiti chenye utepe. Bibi harusi alikuwa kando yake na shela, uso mkavu. Mshereheshaji akapaza sauti, "Bwana harusi wetu leo ana haya, hataki hata kusema!" Akina mama wakapiga vigelegele.

Kisha Mheshimiwa akasimama. Hotuba yake ninayo, niliipiga chapa.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaopita wakisema serikali yenu haifadhili utafiti. Nawauliza hao: huyu bwana harusi katoka wapi? Nani kamlea? Kuvu hii imekuzwa ndani ya maghala ya serikali, chini ya paa la serikali linalovuja kwa ratiba, kwa uvumilivu wa miaka mingi, bila kuwaomba wananchi hata senti tano! Sasa natangaza. Kuanzia leo Mfuko wa Ufadhili ufungwe, usaidizi wa maprofesa ufutwe, na mashirika ya nje yarudi na theluji yao. Kila anayetaka udaktari katika nchi hii ataoa au ataolewa na somo lake. Na kwa kuwa hakuna mtu anayelipa ada ili akae na mwenzi wake, ada nayo imekufa!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Nakijwa peke yake hakupiga. Alikuwa anamtazama Mheshimiwa, na midomo yake inarudia neno moja polepole, "linalovuja."

* * *

Siku mbili kabla ya tarehe thelathini Juni, akaja kwa Shangazi, na safari hii alikuwa anatabasamu. Ada imekufa, sawa, lakini alihitaji mashine ya kuoteshea kuvu, na friji, na kitu cha kusagia. Akauliza kiasi gani kimebaki.

"Kubaki kwa maana gani?" Shangazi akauliza. Wallahi hakuelewa.

"Hela iliyobaki ya mchango."

"Mwanangu, ukumbi, mapambo, keki ya ghorofa tano, magari, sare. Iliyobaki ni ya kuvunja kamati."

Kwa msomaji ambaye kwao hakuna kamati, ingawa sijui ni wapi huko, nieleze kwamba kamati haiwezi kutawanyika hivihivi. Ni lazima ivunjwe kwa sherehe yake yenyewe, ya wanakamati peke yao, kwa mbuzi wa kuchoma, mpaka kisibaki kitu. Bibi harusi haalikwi, yeye si mwanakamati. Tuliivunja siku hiyohiyo mchana hotelini. Nilikula vizuri, siwezi kusema uongo, ila lile pande la mwisho la nyama halikushuka vizuri. Nililisukuma kwa soda.

Kesho yake nikapita kwa Mzee Mbonea kumpa Nakijwa pole. Nilimkuta chumbani kati ya zawadi zake za harusi, na nyie mnajua watu wetu kwa zawadi. Mafriji tisa. Blenda kumi na nne. Hotipoti hamsini na tatu, nyingine zina maua, nyingine zina picha ya Mheshimiwa. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa amepiga magoti, mikono imelowa, anamimina maji ya uvuguvugu ndani ya hotipoti moja na kupima kwa kipimajoto.

"Baba Tumsifu! Njoo uone!" Akanivuta mkono kama mtoto. "Kuvu inataka joto lisilopanda wala kushuka. Chuo kizima kina mashine moja ya kazi hiyo, na ilikufa kabla sijazaliwa. Mimi ninazo hamsini na tatu!"

Tarehe thelathini asubuhi tulizihamisha zile chupa arobaini kwa toroli, mimi nikisukuma na yeye akishikilia. Chupa namba kumi na saba bado ilikuwa na tai yake. Nyuma yetu tulisikia mlinzi wa idara akichomoa friji.

* * *

Mwaka ukapita. Blenda zikasaga, mafriji yakagandisha, hotipoti zikatunza joto, na umeme wa Mzee Mbonea ukakatika mara nne kwa wiki bila kuharibu kitu, kwa sababu hotipoti haijui habari za umeme.

Mtaani watu walianza kuuliza. Hawakuuliza habari ya utafiti. Walimtazama tumbo. "Vipi, mwaka sasa, hakuna kitu?" Shangazi akampelekea dawa ya mizizi. Kwa hiyo alipotoka siku moja amekumbatia kitabu kikubwa cha jalada jekundu, tasnifu yake, imekamilika, Shangazi alipiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni.

"Kilo ngapi?"

"Kurasa mia tatu na nne, Shangazi."

"Mashallah! Na wewe ulivyo mwembamba!"

Zamani tasnifu ilikuwa inasomwa na watahini, lakini waraka wa Mheshimiwa ulikuwa wazi: mtoto wa ndoa halali hatahiniwi, anapokelewa. Ikaundwa kamati ya arobaini ya mtoto. Tasnifu ikaviringishwa kanga mbili, ikawekwa kwenye beseni jipya, watu wakapanga foleni kuipakata.

"Kafanana na baba yake," akasema mama mmoja.

"Lakini paji la uso ni langu," akasema Profesa Rugalabamu, ambaye mara hii alikuja mwenyewe.

Mheshimiwa naye akaipakata, akapigwa picha, kisha akatoa zawadi kwa niaba ya serikali. Kwa furaha ya mtoto huyu, akasema, kuanzia Jumatatu ijayo kila kaya nchini itagawiwa gunia moja la mahindi bure kutoka Ghala Namba Nne. Na mgao utaanzia Ndorwe. Gunia la kwanza, kama ilivyo desturi, likapakiwa palepale kwenye gari lake yeye.

Nakijwa alikuwa amesimama. Nilimwona anabadilika rangi.

"Msiyagawe!" akapiga kelele. "Hayo ndiyo yenyewe! Ghala Namba Nne ndilo lililoua watu Ndorwe, lina sumu tangu paa lilipoanza kuvuja. Nimeandika! Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili! Fungueni tu, someni!"

Akarukia beseni, akaanza kuvuta kanga. Shangazi akamdaka mkono.

"Wee! Una wazimu? Kichanga hakifunuliwi mbele za watu. Kitapata baridi."

"Ni uzazi wa kwanza," Mheshimiwa akatueleza kwa upole. "Huwa unapanda kichwani."

Wakamkalisha, wakampa uji. Tasnifu ikaviringishwa kanga ya tatu.

* * *

Kesho yake alikuja ofisini kwangu. Hakulia safari hii. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Baba Tumsifu, katika nchi hii watu wanasoma kitu gani?"

Nikafikiri. Magazeti tunafungia maandazi. Matangazo ya serikali tunabandika mengine juu yake. "Kadi," nikasema. "Kadi ya mchango mtu anaisoma yote, mbele na nyuma, hata akiwa hana miwani anaazima."

"Naomba orodha ya wachangaji."

Orodha ile ina majina elfu nne ya kaya, na kila kaya ina ndugu. Ni mali ya kamati, na kamati ilikwishavunjwa. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia mimi ni karani tu. Hakubishana. Akataja majina matatu, taratibu, kama tunavyosoma ya wanaodaiwa: Nambua. Mchome. Na Elisante, miaka minne. "Wamekufa kwa kula haraka," akasema. "Uliandika wewe."

Sikumpa orodha. Naomba hilo lieleweke. Niliitoa tu kabatini, nikaiweka ukingoni mwa meza, nikakumbuka kwamba nina vumbi la kupangusa chumba cha pili, na nilipangusa muda mrefu sana, macho yakiniwasha.

Aliuza blenda zote kumi na nne akachapisha kadi. Kingo za dhahabu, bahasha, jina la kila mtu: Familia ya Mzee Mbonea inakuomba wewe na watu wote wa nyumbani kwako MSILE mahindi ya Ghala Namba Nne. Yana sumu. Yaliua watatu Ndorwe. Kadi hii ni dabo, pamoja na watoto. Atakayeipuuza jina lake litasomwa kikaoni.

Zikafika Jumapili, na kila kaya ikawasomea ndugu zake. Jumatatu magari ya serikali yakashusha magunia nchi nzima, na hakuna sufuria iliyotiwa mahindi yale. Wengine walikuwa na njaa kweli, lakini nani asomwe kikaoni? Kule Ndorwe waliyachoma moto mbele ya malori. Shangazi Eliwaza mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akikagua vyungu. Alisema hakubaliani na maneno ya kadi, ila kadi ni kadi. Serikali ikatoa taarifa kwamba wananchi wameshiba. Niliipiga chapa.

Kadi ya Mheshimiwa niliipeleka kwa mkono wangu. Nilikwenda mara tatu. "Mwambie nimesafiri!" Mara ya tatu nilisimama pale mlangoni nikasema kwa sauti, mimi, baada ya miaka ishirini na sita, "Mheshimiwa, hii si ya mchango, tafadhali isome!" Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Alikuwa anakula makande.

Alhamisi macho yake yakawa manjano. Ijumaa akapandishwa ndege kwenda kutibiwa nje, na tukapunga mikono uwanjani. Mara hii alisafiri kweli.

Yuko hai, tunashukuru. Kamati ya matibabu imeundwa, mwenyekiti ni Shangazi, na kadi ilifika kwa Nakijwa wiki iliyopita. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akachanga hotipoti moja, ile yenye picha ya Mheshimiwa, na ndani yake ameweka ukurasa mmoja wa tasnifu, uliokunjwa mara mbili.

Mimi Ijumaa ileile nilikwenda kwenye kabati la tatu kutoka mlangoni. Nikafungua faili la Matatizo, nikatia kadi ya Nakijwa, na chini yake ile taarifa ya kula haraka, na chini ya taarifa nikaandika jina langu. Halafu nikafikiri. Faili la Matatizo halijafunguliwa na mtu tangu nchi hii ipate uhuru, na kwa jina lile halitafunguliwa. Nikabandua lebo ya zamani, nikaandika nyingine kwa wino wa dhahabu, MICHANGO, nikaliweka juu ya meza, mahali ambapo kila anayeingia ataliona.